Mkono wa Seu Deraldo

Watu wa maabara yetu wakisema "yule mzima", walimaanisha Seu Deraldo, yaani Bwana Deraldo. Si kwamba wazima wengine hawakuwepo. Tulikuwa zaidi ya ishirini katika jengo lile la mjini Salvador, na wengi wetu tulikula vizuri na kulala vizuri. Lakini kila Jumanne, madaktari wakitaka damu ya mtu asiyeumwa ili wailinganishe na damu ya wagonjwa wao wa vidonda, aliyefuatwa na sindano alikuwa yeye. Alikuwa na mshipa mnene mkono wa kushoto, unaoonekana hata bila kufungwa mpira, na hakuwa na maneno mengi ya kukataa. Alikunja shati, akanyoosha mkono juu ya meza ya kuoshea chupa, akatazama pembeni na kuendelea na hadithi yake.

Kazi yake hasa ilikuwa kuosha vyombo vya kioo na kuendesha tangi la mvuke, lile linalochemsha kila kilicho kichafu kabla hakijatupwa. Mimi nilikuwa mtunza panya, chumba cha pili kutoka kwake, na kutwa tulikuwa tunataniana. Aliniita Malkia wa Panya. Mimi nilimwita Mkono wa Taifa.

"Mkono wa Taifa, wamekuja kukukamua!" nilimpigia kelele nikiwaona vijana wa ghorofa ya juu wanashuka na kisanduku chao.

"Waje, mfalme wangu, waje." Kwake kila mtu alikuwa mfalme wangu, mwanamume, mwanamke, hata paka wa getini. Ndivyo tunavyoitana Salvador, ila yeye alizidisha. "Lakini leo nataka akaraje. Sitaki biskuti. Damu yangu haitoki kwa biskuti."

Na akaraje aliletewa, bajia ile ya kunde, ya moto, inanuka mawese, imejazwa uduvi na pilipili mpaka inapasuka. Aliila amesimama, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko, akijifuta mdomo kwa mkono wa pili. Nikimwambia atachafua shati lake jeupe la Ijumaa, alinijibu kwamba leo ni Jumanne na mimi nirudi kwa wajukuu zangu wenye mikia.

Alizaliwa Cachoeira, kando ya mto, na mama yake alikuwa msokota sigara kiwandani. Alikuja mjini kijana, akabeba saruji, akapiga ngoma kubwa kwenye kundi la Karnivali la mtaa wa Liberdade, akaoa, akafiwa na mke kabla hawajapata mtoto. Alipofika kwetu alikuwa na nywele nyeusi. Siku ya kwanza walimuuliza, "Unaumwa chochote?" Akasema, "Siumwi." Wakaandika mzima, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena.

Alijivunia kazi hiyo ya mkono kuliko ya chupa. Chumbani kwake, juu ya sinki, alibandika karatasi moja kubwa ya utafiti iliyokuwa imerudi kutoka mkutano wa madaktari. Ilikuwa na michoro ya milima ya rangi, na nyuma ya ile ya rangi kulikuwa na mlima mmoja wa kijivu. Mgeni yeyote aliyepita alioneshwa.

"Huyu wa kijivu ni mimi. Jina hawaandiki, lakini ni mimi."

Nieleze milima hiyo ninavyoielewa mimi, maana madaktari wakieleza hupotea njiani na wewe ukapotea nao. Kila seli ya damu ina protini zilizochomoza juu ya ngozi yake, aina kwa aina. Kingamwili ni kitu kidogo mno kinachojua kushika protini moja tu na kuziacha nyingine zote. Ili uipate, unamchoma panya sindano yenye protini unayoitaka, mwili wake unajifunza kuishika. Kisha unachukua wengu wa panya, unaunganisha seli zake na seli za saratani ili zisife, unatenga seli moja, moja tu, unaiacha izae. Ukoo wote unaotoka hapo hutoa kingamwili ile ile, bila kubadilika. Hiyo unaitia rangi inayong'aa, unaichanganya na damu, halafu mtambo unapitisha seli moja moja mbele ya mwanga. Zisizoshikwa zinajikusanya kwenye kompyuta kama mlima upande wa kushoto. Zilizoshikwa zinang'aa, mlima wao unakaa kulia. Ndiyo kazi yenyewe, na kuna watu wanazeeka ndani yake.

Taíse alikuwa mtafiti kijana kutoka Feira de Santana, msichana mwembamba mwenye haraka ya kutembea. Alitaka kingamwili ya kushika protini fulani inayoota juu ya chembe nyeupe zikishaamshwa kupigana. Kwa wagonjwa wa vidonda zingekuwa nyingi. Kwa mtu mzima, chache za kuhesabika. Panya aliwachukua kwangu, na kila alipomchukua mmoja aliomba samahani, jambo ambalo madaktari wakubwa hawalifanyi. Alihangaika karibu mwaka mzima. Koo nyingi zilikufa, nyingine zikakauka zisitoe kitu. Mwishowe ukabaki mmoja wenye nguvu, akauita G-Saba, kwa jina la kile kishimo cha kisahani ulimozaliwa. Siku hiyo aliingia chumba cha panya akanikumbatia na aproni yangu yote ya uchafu.

Jumanne iliyofuata walichukua damu ya wagonjwa na damu ya Seu Deraldo, wakazipima kwa G-Saba. Wagonjwa mlima ukaenda kulia, kama ilivyotakiwa. Na Seu Deraldo naye mlima ukaenda kulia, mkubwa, haujifichi.

Taíse alirudia Jumanne ya pili. Ikawa vile vile. Akampelekea mkuu wetu, Daktari Onildo, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Inamshika kila mtu hii," Daktari Onildo alisema. "Haifai."

"Nimeirudia, Daktari. Nimeosha seli mara tatu."

"Mwangalie mzima wako, binti yangu. Mzima akitoka hivi, kingamwili ndiyo mbovu."

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa la watu wa maabara tu, mtu wa sokoni asingelifanya. Mtu wa sokoni akiona mizani inakataa, anaweka kitu kingine juu yake. Wao mtu wao mzima ndiye mizani. Matokeo yao yote ya miaka ya nyuma yalikuwa yamelinganishwa na mkono ule mmoja, na kubadilisha mkono kungewavurugia hesabu zote. Kwa hiyo waliushuku mwaka wa Taíse, wakawashuku panya wangu, wakaishuku rangi. Mkono haukushukiwa na mtu.

Mtungi wa naitrojeni, ule wa kuhifadhia koo za seli, ulikuwa umejaa. Daktari Onildo akasema G-Saba itolewe yote, ipishe nyingine. Na uchafu wote wa seli, kwetu, unapita kwa mtu mmoja.

Nilikuwepo Taíse aliposhuka na trei. Macho yalikuwa mekundu. Seu Deraldo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni, akamvutia kiti.

"Nani kakuliza, mfalme wangu?"

"Hakuna. Kazi imeharibika tu."

"Imeharibika yote?"

"Yote. Hizi ndizo za mwisho. Chemsha, Seu Deraldo."

"Usilie. Panya wapo tele kwa huyu malkia, wanazaana usiku na mchana hawana aibu. Utatengeneza nyingine nzuri zaidi." Akafungua tangi, akapanga zile chupa ndogo moja moja kwa adabu, akafunga mlango, akazungusha gurudumu. Mvuke ulipoanza kulia akawa anajikuna mkono. "Sabuni yao mpya hii inanila ngozi," aliniambia. "Tazama."

Nilitazama. Palikuwa na mabaka mekundu kiwikoni na shingoni. Nikamwambia apake mafuta ya nazi. Ndivyo nilivyojua, na ndivyo alivyofanya.

Mwezi wa sita alikwenda Cachoeira kwa mama yake kula mahindi na kuruka moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, akarudi amekonda. Akasema amecheza sana. Nikamsukuma aende zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Aliendelea kutoa damu Jumanne, kwa sababu vipimo vingine, vya kingamwili za zamani zilizotafuta protini nyingine, vilikuwa bado vinatoka sawa sawa. Mlima wa kijivu ulikuwa mahali pake. Kila mtu alitulia.

Daktari Onildo alikuwa ameagiza kingamwili nyingine ng'ambo, ya kununua, ya kushika protini ile ile ya Taíse. Ilichelewa sana njiani. Ilipofika, Karnivali ilishapita, na Seu Deraldo mwaka huo hakupiga ngoma. Alikaa dirishani kwake akitazama kundi likipita, akasema goti linamsumbua.

Jumanne ile Taíse aliingia chumba cha panya bila kupiga hodi. Kiwikoni alikuwa amebana pamba.

"Dona Zuita, haikuwa kingamwili."

"Nini haikuwa kingamwili?"

"Iliyokosea. Hii ya kununua nayo inamng'aza Seu Deraldo, zaidi ya ile yangu. Nikajichoma mwenyewe, nikajipima." Alionesha pamba. "Mimi sina kitu. Kushoto kote. Nikamchoma na mlinzi wa getini, naye hana kitu."

"Kwa hiyo?"

Kizimba kimoja kilikuwa wazi na panya alikuwa ameshafika ukingoni, nami nikawa nimesimama tu namwangalia.

Daktari Onildo alipoambiwa alivua miwani zote mbili. Akasema tusiwe na pupa, tuhakikishe kwanza, tusubiri wiki moja. Mimi si mtu wa kufokea wakubwa, lakini siku hiyo nilimfokea.

"Usubiri nini tena, Daktari? Umesubiri tangu mahindi ya mwaka jana!"

Akakaa chini. Baadaye jioni nilimkuta peke yake kwenye mtungi wa naitrojeni, amevaa glavu nene, anainua rafu moja baada ya nyingine katika ule moshi wa baridi, anasoma vibandiko. Alikuwa anatafuta hata chupa moja ya G-Saba iliyosahaulika. Haikuwepo. Na hata ingekuwepo ingesaidia nini? Ilikuwa ya kuona tu, si ya kuponya. Nilimhurumia na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Kumwambia mwenyewe tulikwenda mimi na Taíse. Tulimkuta anapanga mirija.

"Leo mara ya pili?" alisema akimwona Taíse na sindano. "Mmeniona ng'ombe? Akaraje mbili, basi."

"Seu Deraldo," Taíse alianza, akashindwa. Nikamalizia mimi, vibaya, kwa maneno yaliyonijia. Nikamwambia damu yake inaonesha kitu, kwamba imeonesha tangu mwaka jana, na kwamba lazima aende hospitali kesho, si wiki ijayo.

Alifunga bomba la maji.

"Ile uliyoniletea nichemshe," alimwuliza Taíse polepole. "Haikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

"Kumbe iliniona."

"Ilikuona, Seu Deraldo."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyegonga kidole gumba. "Nami nikaichemsha vizuri kweli kweli." Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Sasa Jumanne mtamkamua nani?"

Hospitalini hawakukawia. Ilikuwa saratani ya damu, inayoletwa na kirusi ambacho watu wengi wa Salvador wanacho wala hawakijui. Wengi wanazeeka nacho na kufa kwa mambo mengine. Kwa wachache, baada ya miaka hamsini au sitini, kinaamka. Daktari wa zamu, kijana mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba kwa umri wake na maisha yake, Seu Deraldo alikipata akiwa mchanga, kwa maziwa ya mama.

Nilimfuata daktari huyo koridoni nikamuuliza kama wangemleta mwaka jana ingekuwaje. Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa uaminifu.

"Labda ingesaidia," akasema. "Labda isingesaidia. Ugonjwa huu ukishaamka haubembelezeki."

Jibu hilo sijui pa kuliweka hadi leo. Laiti angesema ndiyo, ningepata wa kumlaumu. Angesema hapana, ningelala.

Wakamtia dawa, nywele zikaisha, mabaka yakafifia, tukafurahi kama wajinga. Yakarudi. Tezi za shingo zikavimba mpaka kola ya shati ikakataa kufunga. Kila wiki Taíse aliomba damu kidogo hospitalini, akaileta kwetu, akaipima bure kwa kingamwili zote alizokuwa nazo, kwa sababu hicho ndicho alichojua kufanya. Jengo zima likawa linafuatilia. Wenye shahada zao walisimama nyuma ya kiti chake wakitazama kompyuta, na mlima wa kulia unanenepa. Walijua kila protini iliyokaa juu ya seli zile, ipi imeongezeka na ipi imepotea. Hakuna hata mmoja aliyeweza kupunguza chochote. Sijapata kuona watu wanaojua sana kitu wakiwa hawana la kufanya kiasi kile.

Siku moja alipopata nafuu alitaka aoneshwe. Tulimleta kwa teksi, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache, akakaa mbele ya kompyuta. Taíse akamwonesha.

"Hawa wote wa kulia ni mimi?"

"Ni wewe."

"Wengi hivi." Aliwatazama muda mrefu. "Na wale wazima?"

Taíse akaweka kidole kwenye kichuguu chembamba upande wa kushoto. Seu Deraldo akasogea karibu na kioo ili akione vizuri. Kisha akaomba arudishwe, amechoka.

Ilipofika mwezi wa tano alinishika mkono kabla mama yake hajafika kutoka Cachoeira. Vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Zuita. Mama asijue ni maziwa."

"Hatajua."

"Mwambie ni sabuni. Mwambie chochote. Wewe unajua kudanganya, umewadanganya panya miaka yote."

Mama yake, Dona Pureza, alikuwa amepita themanini, mfupi, amevaa kilemba cheupe, mikono bado ya rangi ya tumbaku. Alikaa kando ya kitanda akamvua mwanawe soksi, akamsugua nyayo. Kila muuguzi aliyeingia alimpa hadithi ile ile, kwa fahari, na mimi nimekaa kwenye kiti cha pili nimekunja mikono.

"Huyu nilimnyonyesha mpaka akawa anakuja mbio mwenyewe kutoka mtoni kuja kunyonya. Miaka mitatu na zaidi. Wanawake wa kiwandani walinicheka, wakasema Pureza unalea ndama. Lakini mmeona? Hakuugua kitu. Wenzake walikwenda na surua, yeye wapi. Mpaka wazungu wa maabara wakamchagua yeye kuwa mfano wa mtu mzima."

"Hakuna wazungu, mama," Seu Deraldo alisema, macho yamefumbwa. "Ni kina Onildo tu."

Daktari kijana aliingia wakati huo na maswali yake, akamkuta mama. Nilimwona anataka kuanza, kwa nia njema, maana hata yeye Dona Pureza ilibidi apimwe. "Mama," alisema, "nilitaka kukuuliza, ulipokuwa unam..." Seu Deraldo alifumbua macho akamtazama. Daktari akasita, akatazama karatasi zake, akauliza kama mama amekula. Kisha akatoka.

Siku za mwisho hakuweza kumeza. Dona Pureza alimpaka maji midomoni kwa pamba, pole pole, akimwimbia kitu cha kwao kisicho na maneno mengi. Muuguzi alimwambia apumzike, hakuna zaidi cha kumpa. Akaweka pamba chini. Akajishika kifua, juu ya blauzi, kwa viganja viwili.

"Zuita mwanangu," aliniambia, "kama ningekuwa bado nina maziwa, ningempa sasa hivi. Wangenicheka tena, ningempa tu. Si yalimfaa?"

Seu Deraldo alikuwa bado anasikia. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akinitazama.

"Yalimfaa, mama," nikasema.